Usiongeze, Usipunguze

Kuna kifaa kimoja cha muziki ambacho ni kigumu kukieleza, kwa sababu kikifanya kazi vizuri hakuna anayekiona. Spika tunaziona zikitikisika. Redio tunaitafutia stesheni kwa mkono. Ampli inapata moto, ukiigusa unajua iko kazini. Lakini katikati ya hivyo vyote kuna kile ambacho sisi wa Kongo tunakiita preampli, na mafundi wengine wanasema priamplifaya. Kinapokea sauti ikiwa bado ndogo, kinachagua ipi ipite, ya redio au ya simu au ya deki, kinaipandisha au kuishusha, halafu kinaikabidhi kwa ampli ya nguvu ambayo ndiyo inasukuma spika. Basi, kazi imeisha. Hakiimbi, hakipigi gitaa.

Nimekaa karibu miezi mitatu nikisikiliza watu wawili wakibishana ni preampli gani inunuliwe, na nimeona ule ubishi si wa vyuma tu. Ni swali ambalo sisi tunaobeba maneno ya watu tunakutana nalo kila wiki: mtu aliyewekwa katikati, ana haki gani ya kugusa kile anachokipitisha?

Mwenye kununua ni mzee jirani yetu hapa Nakivale, ambaye alikuwa fundi redio Bukavu kabla vita havijamtoa. Vijana wote tunamwita Papa Fundi. Alipata ampli ya nguvu kwa mtu wa Mbarara aliyekuwa anafunga baa yake. Ampli ya zamani, nzito, nzima kabisa, ila haina kitufe cha kushusha sauti. Ukiipa muziki inautoa wote kwa nguvu zote, kama mtu ambaye hakufundishwa kunong'ona. Ampli za namna hiyo zinataka kitu mbele yao. Simu inatoa kama volti 1 au chini yake, deki ya CD kama volti 2, na sindano ya kuchezea sahani za santuri inatoa kama milivolti 5 tu, yaani ukigawa volti moja mara 200, fungu moja ndilo hilo. Mvumo wowote unaoingia pale sauti ikiwa ndogo hivyo utakuzwa pamoja nayo mpaka mwisho. Ampli haitofautishi. Papa Fundi anasema ampli ni kama askari, inatekeleza tu, kwa hiyo angalia sana nani anaipa amri.

Najua kuna atakayeuliza: mgao wa chakula umekatwa, na nyinyi mnajadili preampli? Nitajibu kwa ufupi. Pesa ni za mzee, amezipata kwa kutengeneza simu na redio za watu chini ya mti. Pia nimechoka kidogo na lile jicho linalomtazama mkimbizi mwenye spika kubwa kana kwamba ameiba. Mwenye njaa naye ana masikio. Tuendelee.

Anayebishana na mzee ni kijana wa kundi letu anayejifunza ufundi umeme. Huyu ametazama video nyingi kwenye simu na msimamo wake ni mmoja: preampli bora ni ile ambayo haiongezi kitu. Sauti iingie ilivyo, itoke ilivyo, kubwa zaidi tu. Hataki kitufe cha besi, hataki kitufe cha sauti nyembamba, hataki taa. Duniani kuna watu wengi wanaofikiri kama yeye. Baadhi ya mashine za bei kali kabisa zina kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha kuchagua, hakuna kingine, na mtu analipa zaidi ili apewe vitufe vichache. Wanataka kifaa kiwe kama kipande cha waya ambacho kinakuza tu.

Nilimwelewa haraka, kwa sababu ndiyo sheria ya wakalimani. Wale wote waliowahi kukaa kwenye mafunzo ya ukalimani wanaijua: usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Hapa kambini kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waeritrea, Waethiopia. Bila wakalimani hakuna mkutano, hakuna hospitali, hakuna mahojiano. Na kuna mahojiano ambayo mtu anaingia mara moja, na kile kitakachoandikwa siku ile kitamfuata miaka. Kwa hiyo ile sheria si ya bure. Imetokana na watu walioumizwa na wakalimani waliotia chumvi, au waliokata maneno ya mtu wa kabila wasilolipenda. Mimi ninaiheshimu.

Lakini Papa Fundi hakukubali. Alimwuliza kijana swali moja tu: "Mtoto yangu, hiyo sauti yako safi utaisikiliza na nini? Sikio gani iko bila kitufe?"

Nilidhani ni mchezo wa maneno wa wazee. Kumbe ni jambo lililopimwa. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Laboratories huko Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha kazi yao juu ya jinsi mtu anavyosikia ukubwa wa sauti. Walikuwa wanawasikilizisha watu sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, halafu sauti nyingine nzito au nyembamba zaidi, na kuuliza ni wakati gani mbili hizo zinasikika sawa. Walikuta kwamba sikio si mizani ya haki. Muziki ukiwa juu, besi na sauti za kati zinakaribiana. Ukiushusha, besi inapotea kwanza. Kwenye mashine bado ipo, kipimo kinaionyesha, ila sikio limeacha kuipokea. Ndiyo maana watengenezaji wengi waliweka kitufe kinachoitwa laudinesi, cha kurudisha besi pale unaposikiliza kwa sauti ya chini.

Sasa fikiri nyumba zetu. Ukuta ni udongo, juu ni turubai au bati, na mtoto wa jirani analala hatua tatu kutoka kwenye spika yako. Saa tatu usiku hakuna mtu mwenye heshima atakayepiga Franco na TPOK Jazz kwa sauti ambayo Franco mwenyewe aliipiga. Unashusha. Na ukishusha, gitaa la besi linaondoka, lile ambalo waya wake mnene unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Kinachobaki ni gitaa jembamba na sauti za waimbaji zikielea hewani kama nguo kwenye kamba bila mtu ndani. Rumba bila besi mnaijua? Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, nafikiri hawakuwa na maana ya ile inayotoka kwenye simu chini ya mto wa kulalia.

Hapo msimamo wa waya unaanza kuyumba. Preampli isiyoongeza kitu imeipeleka sauti kwa uaminifu mpaka mlangoni, na ndani ya nyumba mtu amepata kitu kingine. Kifaa hakikusema uongo, ila msikilizaji hakuusikia wimbo uliopigwa.

Nisogee kwa wakalimani sasa, maana huku ndiko kunakoniuma. Chukua mfano mama anayeulizwa kilichomtokea njiani kutoka Fizi. Anasema, "Walinisumbua." Anatazama chini, ananyamaza. Sisi tuliokulia kule tunalijua hilo neno likisemwa na mama wa umri ule, kwa sauti ile, mbele ya mwanaume asiyemjua. Ni neno zito kuliko jiwe. Mkalimani analitia kwenye Kiingereza neno kwa neno, na kwa Kiingereza linakuwa jepesi, kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni. Afisa anaandika na kwenda kwenye swali linalofuata. Nani amekosa hapo? Mama amesema. Mkalimani hakuongeza, hakupunguza. Afisa ameandika alichosikia. Besi ndiyo imepotea, kwa sababu chumba kile ni cha sauti ya chini.

Mtu atasema: basi mkalimani aseme waziwazi kile anachojua mama alimaanisha. Hapana, hapo ndipo ninapomkatalia Papa Fundi nusu. Mama hakulisema lile neno lingine. Labda alichagua kutolisema. Labda siku ile alimaanisha kweli kusumbuliwa, kuporwa mzigo, kutukanwa, na mkalimani ndiye amejaza shimo kwa hofu yake mwenyewe. Ukilitia mdomoni mwake umemvua nguo mbele ya watu bila ruhusa.

Kabla sijafika kwenye jibu langu, kuna jambo la pembeni ambalo kwangu ni kubwa. Ili kumaliza ubishi, kijana alishauri wasinunue kabisa. Fundi anaweza kutengeneza preampli isiyo na umeme wowote: potensiometa moja, swichi moja ya kuchagua, sanduku la bati. Ziko namna hiyo, na watu wanazipenda, kwa sababu kitu kisicho na umeme hakiwezi hata kuongeza mvumo wake. Papa Fundi akatengeneza kwa jioni moja. Pale mezani, na waya mfupi, ilikuwa safi ajabu. Tatizo ampli inakaa chumba cha pili karibu na betri za sola na inveta, kwa hiyo waya ukawa wa kama mita 8. Sauti nyembamba zikafifia, matoazi yakawa kama yamefunikwa blanketi. Mzee akaeleza: waya mrefu unataka kusukumwa, na kifaa kisicho na nguvu yake mwenyewe hakina cha kusukumia. Hakiongezi kitu, kweli, lakini njiani kinapoteza.

Nikawafikiria watoto. Ninyi mnaofanya kazi zahanati mnawajua. Mama anakuja na binti yake wa miaka 10 kwa sababu binti amejifunza Kiingereza shuleni, na mkalimani wa zamu hayupo. Mtoto ni mwaminifu kuliko mtu mzima yeyote. Anarudia neno kwa neno. Lakini daktari anauliza juu ya damu, juu ya mimba iliyotoka, juu ya baba, na yule mtoto hana nguvu ya kusukuma maneno hayo mpaka upande wa pili. Sauti inafika imefunikwa blanketi. Na usiku mtoto anabaki na maneno ambayo hayakuwa ya umri wake. Mimi ninakaa na watoto hawa kwenye kundi, wengine wanakuja kimya, na ukiuliza sana unakuta wiki ile walimsindikiza mama mahali. Tusiwatumie. Kutokuongeza kitu si sifa kama mtu hakuwa na uwezo wa kuongeza wala wa kubeba.

Kwa hiyo kati lazima kuwe na nguvu, na penye nguvu pana kishawishi. Hiki ndicho kijana wa umeme anachokiogopa, na ana haki. Angalia sabufa za bei rahisi sokoni. Besi imepandishwa kiwandani, na hakuna swichi ya kuitoa. Dakika tano za kwanza unafurahi, kifua kinatetemeka. Baada ya saa moja unagundua nyimbo zote zimekuwa wimbo mmoja. Kwaya ya kanisani, habari za redio, Papa Wemba, tangazo la chanjo, vyote vinanguruma sawasawa. Mwenye kusikiliza kwa miaka anasahau kabisa kwamba kuna kitu kimeongezwa. Anafikiri muziki ndivyo ulivyo.

Kuna maandishi juu yetu yaliyotengenezwa hivyohivyo. Niliwahi kusoma karatasi moja, sitaitaja ya nani, iliyokuwa na maneno ya vijana sita ambao ninawajua wote. Mmoja ni mchekeshaji, mmoja ni mkorofi, mmoja anapenda mbuzi kuliko watu. Kwenye karatasi wote sita waliteseka kwa namna moja na wote sita walikuwa na matumaini ya namna moja. Hakuna uongo ningeweza kuunyoshea kidole. Mwandishi alikuwa na nia nzuri. Alijua wafadhili wako mbali na wanasikia kwa chini, akapandisha besi. Lakini aliiacha juu muda wote, na hakusema. Yule mwenye mbuzi alipoonyeshwa alicheka, akauliza, "Huyu ni nani?"

Basi tofauti iko wapi kati ya mkono unaorudisha kilichopotea na mkono unaobuni? Papa Fundi alinipa mfano wa sahani za santuri, na tangu siku ile umenikaa. Santuri tangu mwanzo haina muziki ulivyo. Wakati wa kurekodi wanapunguza besi makusudi, kwa sababu sauti nzito ingechimba mfereji mpana na sahani ingejaa kabla wimbo haujaisha. Wanapandisha sauti nyembamba makusudi pia, ili baadaye zikishushwa zishuke pamoja na mikwaruzo. Zamani kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Kisha mwaka 1954 wenye viwanda wa Marekani, kupitia chama chao cha RIAA, wakakubaliana kipimo kimoja, na preampli za santuri zikatengenezwa kukirudisha nyuma, hatua kwa hatua. Angalia hapo: sauti imebadilishwa mara mbili, na msikilizaji anapata wimbo sawa. Hawakuweza kuacha kugusa. Lakini kilichoguswa kilijulikana kwa kipimo, na pande zote mbili zilikuwa na habari, kwa hiyo kiliweza kurudishwa.

Na vitufe vya besi na sauti nyembamba vyenyewe, vile ambavyo kijana anaviita uchafu, vingi vinafuata mchoro wa Mwingereza aitwaye Peter Baxandall, aliouchapisha mwaka 1952 katika jarida la Wireless World. Sifa yake ni kwamba una katikati. Kitufe kikiwa katikati, sauti inapita bila kuguswa. Ukienda kulia umeongeza, kushoto umepunguza, na mtu yeyote anayeingia chumbani anatazama kitufe na kuona umefanya nini. Anaweza pia kukirudisha mwenyewe.

Mimi nasimama hapo. Sikubali kwamba mwaminifu ni yule asiyegusa kabisa, kwa sababu vyumba vyetu havilingani na masikio hayalingani, na asiyegusa mara nyingi amemwachia chumba kibadilishe. Na sikubali kwamba nia nzuri inatosha, maana sabufa nayo ina nia nzuri. Nataka kitufe kionekane, na mwenye sauti aweze kukifikia. Kwa yule mama wa Fizi, mkalimani aseme neno jinsi lilivyosemwa, jepesi hivyohivyo, halafu ajitenge nalo: hayo ni maneno yake, sasa hili ni langu mimi, kwetu neno hili wakati mwingine linabeba jambo zito zaidi, naomba umwulize mama kama anataka kueleza au kuliacha. Afisa anajua sauti ni ya nani. Mama anabaki na ufunguo wa mlango wake. Hilo linachukua labda dakika moja zaidi, na najua foleni ni ndefu. Wale wakalimani wazuri tunaowajua wote tayari wanafanya hivyo kimyakimya. Ningependa wasilazimike kujificha wakifanya.

Papa Fundi alinunua ile yenye vitufe vitatu na swichi ya kuvizima vyote kwa pamoja. Bei ilikaribia gunia la maharage. Kijana wa umeme bado anaizima swichi kila akiingia, na mzee anaiwasha kila kijana akitoka, kwa hiyo tumezoea kusikia kila wimbo mara mbili. Saa nne mchana, watu wakiwa shambani na sauti ikiwa juu, kijana ndiye mwenye haki. Usiku ni mzee.

Sisi kwenye mikutano ya vijana na wazazi tumeanza kitu kidogo. Mkalimani akisema ya mtu, mikono iko chini. Akitaka kuongeza maelezo yake ili upande wa pili uelewe, anainua mkono mmoja mpaka amalize. Mwanzoni tulicheka sana, ilionekana kama darasa la watoto wadogo. Mkutano uliopita mama mmoja Mrundi alikuwa analalamika juu ya taa za njia ya kwenda choo, wasichana wanaogopa kwenda usiku. Mkalimani akatafsiri, akainua mkono, akaeleza. Akaendelea, akainua tena. Mara ya tatu yule mama, ambaye tulidhani hajui Kiswahili, akamkatiza: "Hapo shusha mkono. Hayo nimesema mwenyewe."